Mabel Amekufa

Mabel alikufa Jumanne asubuhi, na hata mwili haujapoa nikaambiwa niseme yuko likizo. Likizo! Nyangumi! Nikamuuliza Bwana Prewitt, kaenda likizo wapi, kwa shangazi yake? Hakucheka. Bwana Prewitt ndiye aliyekuwa meneja wa bustani yetu ya wanyama wa baharini, pale ukingoni mwa ghuba, karibu na kivuko cha feri, na kicheko chake alikuwa anawawekea wateja.

"Inga, wewe kazi yako ni kusema," akaniambia. "Basi sema unachoambiwa."

Kweli, kazi yangu ilikuwa kusema. Nilikuwa mtangazaji wa onyesho. Walinitoa kiwanda cha samaki, nilikokuwa nakata vichwa vya samoni, wakanivika kofia ya ubaharia na kunipa maikrofoni, kwa sababu nina domo na bandari nzima inalijua. "Mabibi na mabwana, huyu hapa Mabel, nyangumi muuaji!" Ndivyo nilivyofundishwa kumwita, muuaji. Mimi sikumwona akiua hata nzi. Nilichomwona akifanya ni kuzunguka. Bwawa lenyewe lilikuwa dogo, akijinyoosha kidogo tu keshagusa ukuta. Pezi lake la mgongoni lilikuwa limelala upande, na mgongo ulibabuka kwa jua kwa sababu hakuwa na kina cha kujificha, tukawa tunampaka dawa nyeusi ili watu wasione vidonda.

Asubuhi, mageti hayajafunguliwa, alikuwa akisikia viatu vyangu anakuja kuegemeza kidevu ukingoni. Nilikuwa namwagia matatizo yangu yote, na hasa habari za mume wangu wa zamani, na yeye ananitazama kwa lile jicho dogo, ananijibu kwa miluzi. Nilimpenda. Cheka ukitaka.

Alikufa kwa ugonjwa wa mapafu. Lori la kiwanda cha mbolea likaja likambeba, na Bwana Prewitt akaagiza bwawa lisuguliwe.

Ijumaa likaja lori jingine. Juu yake kulikuwa na nyangumi mdogo, amefunikwa mablanketi yaliyolowa maji na kupakwa mafuta mwili mzima. Wavuvi wa kukodi walikuwa wamemzungushia wavu huko kaskazini ya ghuba. Delmar, mzee wetu wa kulisha wanyama, ndiye aliyekwenda kumpokea. Ni mtu wa maneno machache yule. Ukimsalimia asubuhi, unajibiwa mchana. Siku hiyo alishuka kwenye lori uso umemvimba kwa kulia.

"Mzee Delmar, vipi?"

"Mama yake alibaki nje ya wavu," akasema. "Tulipomnyanyua na kreni huyu akalia, na yule kule akaitikia. Kila ukoo wao una mlio wake, Inga. Huyu njia nzima alikuwa anaita, na sisi tuko barabarani katikati ya malori ya magogo. Nani amwitikie?"

Nikauliza tu, "Anaitwa nani?"

"Mabel."

"Nani?"

"Bosi kasema ni Mabel. Ametoka likizo." Akapangusa pua. "Halafu huyu ni dume."

"Dume?"

"Nenda kachungulie mwenyewe kama huamini."

Tukaangua kicheko, mimi na yule mzee, tukashikana mabega kama walevi. Kisha mtoto akalia tena bwawani, mlio mrefu unaopanda mwishoni, tukaachiana mabega.

Nikaenda moja kwa moja ofisini. Bwana Prewitt alikuwa anakula donati.

"Bosi, kesho mimi simwiti yule Mabel."

"Utamwitaje?"

"Sijui. Lakini Mabel amekufa, na kesho nitawaambia watu amekufa. Mara moja tu. Watoto wamemwandikia kadi za Krismasi yule, bosi, mtu anakufa hata haambiwi pole?"

"Mtu!" Akafuta sukari mdomoni. "Watu wametua mwezini juzi, wewe unaniletea matanga ya samaki. Watu wa mjini wanamjua Mabel. Wanakuja kwa ajili ya Mabel. Huyu atatoa pezi nje ya maji, wewe utasema Mabel karudi, watapiga makofi, basi."

"Na asipotoa?"

"Njaa itamtoa. Wewe sikiliza: ukifungua hilo domo vibaya kesho, Jumatatu urudi kukata vichwa."

"Vile vichwa angalau kila mtu anajua vimekufa," nikamwambia, nikatoka na mlango nikaubamiza.

Usinione shujaa. Nilikuwa na kodi ya nyumba na magoti mabovu, na kule kiwandani unasimama kwenye maji baridi kutwa. Usiku ule sikulala vizuri. Lakini kila nilipojaribu kulitamka lile neno, karudi, Mabel karudi, ulimi ulikataa. Ningekuwa namzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wangu.

Jumamosi majukwaa yakajaa, mvua ndogo inanyunya, watu na makoti yao ya plastiki na soseji zao mkononi. Nikapanda jukwaani. Yule mtoto alikuwa amejikunyata kwenye kona iliyo karibu na bahari, haendi mbele wala nyuma, na samaki wa Delmar wanaelea bila kuguswa.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "Mabel amekufa."

Halafu maikrofoni nayo ikafa. Bwana Prewitt alikuwa ameshaingia kwenye chumba cha mitambo. Alikosea. Niliinua sauti yangu, ile ya kuita boti bandarini. "Alikufa Jumanne! Alikuwa mgonjwa, tukampaka rangi msione! Huyu mnayemwona ameletwa jana!"

"Muongo!" mmoja akapiga kelele kutoka juu. "Si huyo hapo Mabel!"

"We mama, unawaliza watoto wetu!"

"Tumelipa kuona nyangumi, sio kusikiliza msiba wako!"

Bwana Prewitt akatokea na kipaza sauti cha mkononi na lile tabasamu lake. "Mwenzetu amechoka kidogo, jamani. Delmar! Wewe unawalisha kila siku. Waambie wageni wetu huyu ni nani."

Watu wote wakamgeukia Delmar, na mimi nikamgeukia. Mzee alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu astaafu. Akaweka ndoo chini taratibu.

"Huyu si Mabel," akasema. "Anachosema Inga ni kweli." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yananiomba radhi. "Ila na yule wa Jumanne hakuwa Mabel. Mabel mwenyewe alikufa kabla Inga hajaajiriwa. Huyu ni wa tatu."

Yule niliyemweleza siri zangu zote, nikamwita kila asubuhi naye akaja, nilikuwa namwita jina la marehemu.

"Sasa yule wangu alikuwa nani?" nikamuuliza, mbele ya umati wote ule.

"Hakupewa jina," akasema Delmar. "Alipewa lile lile tu."

Mlinzi akanishika mkono anitoe. Nikamwambia, "Niache, onyesho langu halijaisha." Sijui aliona nini usoni mwangu, akaniachia.

Nikashuka hadi ukingoni mwa bwawa. Kofia yao nikaivua nikaiweka sakafuni.

"Mabibi na mabwana," nikasema, "huyu mimi simpi jina, na nyie msimpe. Analo lake, na anayelijua yuko huko nje kwenye ghuba. Nyamazeni kidogo mumsikie anavyomwita mama yake."

Bwana Prewitt akaanza kusema kitu, mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akamwambia, "Hebu funga mdomo wewe!"

Wakanyamaza. Mtoto akaita, akangoja, akaita tena. Hakuna aliyepiga makofi.