Foleni ya Mlango wa Kijani

Saa mbili asubuhi mfagizi alikuwa akipiga deki korido ya ofisi, akawaambia vijana waliopanga foleni wainue miguu. Waliinua mmoja mmoja, akapitisha tambara. Siku hiyo walikuwa hamsini na kitu, wengine na sare za shule, wengine na kandambili, kila mmoja na simu mkononi.

Ofisi ilikuwa na mchezo wa mtandaoni wa kuwasaidia vijana waliozidiwa na mawazo. Mchezaji anajenga nyumba, anafuga paka, na akielemewa anabisha mlango wa kijani aongee na mshauri. Aliyebisha alitokea pale koridoni, huku nyumbani kwao akiendelea kula na kuoga kama kawaida, ila kimya kidogo. Mlango wenyewe ulikuwa mwisho wa korido, na nyuma yake palikuwa na maboksi ya fulana za uzinduzi. Mshauri aliachishwa kazi mwaka juzi, na mchezo ukapata tuzo hivyo hivyo.

Karani alikaa na kompyuta yake mkabala na foleni. Kijana akitoweka kwenye foleni, anajaza kisanduku chake kwenye kompyuta: amepona. Hakuna aliyemwambia aulize zaidi, naye hakujisumbua.

Jumatatu alimkuta binti wa dada yake, wa tisa kutoka mlangoni.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Bado wanane tu."

Karani alipanda kwa meneja kuomba mshauri, hata wa siku moja. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha chai, akamwonyesha takwimu. "Wanapona hata kabla ya kufika mlangoni, dada yangu. Unataka nini tena?"

Karani akampigia dada yake, akajibiwa kwamba mtoto yuko sebuleni, anacheza simu, hana neno. Alirudi chini amwambie binti ukweli, akaishia kumuuliza kama ana kiu. Akamletea maji.

Alhamisi binti hakuwepo kwenye foleni. Saa nne dada yake alipiga simu, analia tu, na nyuma yake majirani wanalia.

Kisanduku cha binti kwenye kompyuta hakikubali kuachwa wazi. Meneja alishuka akampa pole ya dhati, akamruhusu aende msibani na gari la ofisi, kisha akainama akakijaza mwenyewe: amepona.

Karani alichukua mkoba akapita koridoni. Vijana walimpisha kwa adabu. Aliyekuwa wa kwanza alimuuliza kama mshauri ameshafika.

"Yuko njiani," karani akasema.