Kitambaa cha Miguu na Kitambaa cha Kinu

Abasia, nyumba ya watawa ya mji wetu, ilipojenga kinu kinachoendeshwa na maji, chenye nyundo za kupigia sufu, mji mzima ulijua kitakachofuata. Kwetu, sufu ikishafumwa hukanyagwa kwa miguu ndani ya pipa la mkojo uliochacha na udongo, mpaka nyuzi zishikane. Nyundo hizo zilifanya kazi ya mtaa mzima, na hazikuomba mkate.

Baraza likaamua kwa desturi yetu. Mkaguzi afungwe macho, apapase kitambaa cha miguu na cha kinu, aseme kipi ni bora, kipigwe mhuri wa madini ya risasi. Kinu kikishindwa, nyundo zing'olewe. Kikishinda, wakanyagaji wajitafutie kazi nyingine. Mkaguzi nilikuwa mimi. Kiongozi wa wakanyagaji alikuwa Gossuin, kaka wa mke wangu Hersent.

Asubuhi ile alinivuta pembeni.

"Shemeji, ukishika chetu nitakohoa."

"Usikohoe."

"Nina kifua, nifanyeje?"

Ukumbini Padri Thierri, mwalimu wa abasia, alitusomesha kwanza. Alisema wanyama huzaliwa na koti lao, binadamu huzaliwa uchi, kwa hiyo Mungu akampa akili ya kujitengenezea. Ndiyo maana elimu za mikono ni saba, na ya kwanza ni ya nguo.

"Na miguu je, Padri?" Gossuin akauliza. "Imo kwenye hesabu, au inasubiri mlangoni?"

Watu walicheka, hata padri.

Nikafungwa macho. Kitambaa cha kwanza kilikuwa laini, kimeshikana sawasawa mpaka pindoni. Cha pili nikakigusa, Gossuin akakohoa kama mbuzi. Hakukuwa na haja. Kilikuwa kigumu kama ubao. Nilielewa mara moja: kwa kuogopa kushindwa walikikanyaga mara mbili ya kawaida. Sufu ikizidishiwa haiwi bora, hukakamaa. Kila mkanyagaji anajua hilo, lakini siku ile hofu ndiyo iliyokanyaga.

Nilifikiria nyumba za mtaa wetu, na Hersent.

"Cha kwanza," nikasema.

Nilipofunguliwa macho Gossuin alikuwa mbele yangu.

"Hukusikia?"

"Nilisikia. Mmekikanyaga kupita kiasi, bwana. Vaa wewe koti la hicho uone kama mkono utapinda."

"Ungesema cha pili, nani angejua?"

"Atakayekinunua."

"Huyo anakaa mbali. Mimi nakaa nyuma ya nyumba yako."

Mhuri ukapigwa.

Nyumbani Hersent alikuwa ameshapata habari. Aliniwekea bakuli la dengu, akachota lingine, akalifunika kwa mkate.

"Hili mpelekee kaka yangu," akasema. "Wewe mwenyewe. Na ukae mpaka alimalize."

Nikavaa viatu, nikaenda.