Shauri la Binti wa Pilipili Mbuzi

Niliota jana usiku kwamba ukoo wa pilipili mbuzi umeniita kwenye kikao. Sikushangaa. Kazi yangu ni kuchunguza kromosomu za mimea, na nilijua siku moja wataniita.

Kikao kilikuwa maabarani, ila maabara ilikuwa imetandikwa jamvi. Mama Pilipili, mche mnene wa kienyeji, alikuwa ameketi na bintiye. Binti huyo tulimbadilisha vinasaba sisi wenyewe wa maabara ili virusi visimkunje majani. Mkali alikuwa mjomba wake, pilipili mzee aliyekauka akabaki mbegu tupu.

"Bi Zaina," akaniambia, "huyu mtoto si wetu. Mlinganishe kromosomu na mama yake. Akizidi au akipungua, tunamng'oa leo."

"Shikamoo, mjomba. Kromosomu zinaonekana vizuri pale seli inapogawanyika tu."

"Marahaba. Basi igawanyike."

Mara tuko uwanja wa mpira. Kromosomu zinaingia kwa gwaride, jozi kumi na mbili za mama upande huu, jozi kumi na mbili za binti upande ule. Zote zimevaa kanga za zambarau, maana bila rangi sizioni. Napaza sauti, "Simama!" Zinaganda mguu juu. Kisha kidole gumba kikubwa kama nyumba kinashuka kutoka mawinguni kuja kuzitandaza, kama ninavyozibonyeza kwenye kioo cha hadubini. Nakitambua. Ni changu.

"Taratibu, dada," jozi ya kwanza inaniomba.

"Samahani," naijibu, na kidole kinapunguza uzito.

Napita na futi kamba. Napima urefu, napima viuno. Ndefu kwa ndefu, fupi kwa fupi, zinalingana. Kifua kinanijaa.

"Zinafanana," natangaza.

Hapo mkono mdogo unanyooshwa kutoka ndani ya kromosomu moja ya binti. "Samahanini. Mimi ndiye kinasaba niliyepandikizwa. Hadubini ya Bi Zaina hainioni, lakini sipendi aje kuitwa mwongo."

Binti alinitazama. Nilimwonea huruma, lakini nilisema.

"Ni kweli. Idadi ni ileile na maumbo ni yaleyale. Na ndani yumo mgeni mmoja, tulimweka sisi."

Mjomba akamshika binti shina, tayari kumng'oa. Mama Pilipili akainuka.

"Mwachie, kaka! Msimu uliopita virusi vilinikunja mpaka nikashindwa kuzaa. Ulikuja kuniona? Huyu amesimama wima na matunda kibao. Mgeni amemlinda mwanangu, basi na mgeni nampokea. Mwanangu ni huyu. Anayetaka kumng'oa aanze na mimi."

Kromosomu zote za mama zikapiga vigelegele. Mjomba akaachia lile shina polepole, akalifuta vumbi, akamwita binti "mwanangu" kwa sauti ndogo.

Mama Pilipili akanivuta. "Na wewe hukutuficha kitu. Umetupa heshima," akasema, akanibusu shavuni.

Nilipofumbua macho kumekucha. Mume wangu, Kibwana, alikuwa amenigusa shavu.

"Mbona limevimba?" akauliza, kisha akajifikicha jicho. "Zaina! Umeshika pilipili?"

"Sijashika."

Akakimbilia bombani akipiga kelele. Mimi nilibaki kitandani, shavu linawaka moto, nikijiona mtu mkubwa. Sikunawa.