Uso wa Kulwa, Usio wa Doto

1.

Umewahi kumtafuta mtu kwenye uso wa mtu mwingine? Usijibu haraka. Mimi ni Nkwimba, mfinyanzi wa sura za udongo. Nimefinyanga nyuso ishirini na tisa za wauzaji wa soko letu, za kutundikwa ukutani pale sokoni, na hakuna hata mbili zilizokubali kufanana. Imebaki ya thelathini.

2. TANGAZO

Wahusika wanakumbushwa kuwa sura ya marehemu itatengenezwa kwa picha iliyothibitishwa. Asiye na picha ataondolewa kwenye orodha ifikapo Ijumaa.
Ofisi ya Utamaduni.

3.

Marehemu ni Kulwa, muuza dagaa. Pacha wake, Doto, kaniletea picha sita. Zote wamesimama wawili: gauni moja, viatu vya aina moja, msuko mmoja. Nikamuuliza Kulwa ni yupi. Akaweka kidole kushoto. Akakihamisha kulia. Akasema labda…

4. Sokoni

— Si amfinyange Doto tu? Sura ni ile ile.
— Kulwa, nipimie kopo moja.
— Mimi Doto.
— Haya, ndiye huyo huyo.

5. Doto

Tangu tumzike wananiita jina lake, nami naitika ili yaishe. Dada Nkwimba, usiweke uso wangu pale. Ukiuweka, nitakuwa nimemmaliza mimi.

6. Tofauti zao, kwa waliowafahamu

sauti: hakuna
mwendo: hakuna
kovu: hakuna
nani alianza kucheka: Kulwa (shangazi, asubuhi), Doto (shangazi huyo huyo, jioni)

7. Mama yao

Nilipojifungua niliambiwa: mapacha hawabaguliwi. Ukimbeba mmoja, aliyeachwa atanuna, arudi alikotoka. Niliogopa. Nikitaka kumwita mmoja, niliwaita wote. Miaka thelathini na minne.

8.

Alhamisi. Kwangu, mwenye mtu wake hutia mkono kwenye udongo. Doto alishindwa. Mama yake, aliyekuwa amekaa mlangoni, alisema hawezi kuchagua.

Kisha akainuka.

Akabonyeza nyusi ya kushoto. Akakivuta kidevu mbele, akaibana midomo. Nami niliyejidai najua nyuso nikasogea kama mtoto anayechungulia chungu jikoni.

“Huyu ni Kulwa,” akasema. “Alikuwa mwepesi wa kununa.”

Doto alisema hajawahi kumwona Kulwa akinuna.

“Mbele yako hakununa.”

Akajifuta udongo vidoleni.

“Niliwajua tangu siku ya kwanza,” mama akasema. “Nilikatazwa tu kuonyesha.”

9. KWA OFISI YA UTAMADUNI

Sura ya thelathini haina picha. Imethibitishwa na mama mzazi. Naomba

10.

Barua hiyo sijaimaliza, kwa sababu Doto hakuondoka. Aliuzunguka ule uso, akaugusa kidevu, akalia, akacheka kidogo. Halafu akamgeukia mama yake.

“Na mimi, mayu? Mimi nikoje?”

Mama akamtazama, yeye peke yake, kwa muda mrefu. Akaninyooshea mkono bila kugeuka.

Nikamkatia donge jingine la udongo.