Mgawo wa Abdulkadiri

Waliokuja kuhani niliwaambia wote, bila hata kuulizwa: eda ikiisha, Yusra anarudi kwao Kondoa, na mimi Mwanamvua nabaki na nyumba yangu kwa raha zangu. Walinitazama tu, wakanywa chai yao. Mke mwenza ni mke mwenza, hata kama mume ameshalazwa kaburini.

Nyumba yetu iko Ipagala. Vyumba vyangu upande huu, vya Yusra upande ule, milango inatazamana, katikati ua. Abdulkadiri alikuwa na duka la vipuri kule Kizota, na sijaona mwanamume aliyeogopa dhuluma kama yeye. Akininunulia doti ya kanga, Yusra naye ana doti, rangi ile ile na maneno yale yale. Nyama ameshapimiwa buchani, akifika nyumbani anaipima tena kwa mizani yake, anakata kipande hapa anaongeza kule. Nilikuwa namwambia, "Wewe Abdulkadiri, iko siku utatupimia na pumzi." Anacheka. "Atakayeulizwa ni mimi, si wewe."

Alipoanza kuchoka na duka ndipo akachimba bwawa pale uani. Si kubwa, ukinyoosha ufagio unagusa upande wa pili. Akalisakafia kwa saruji, akapanga mawe pembeni, akapanda yungiyungi, akatia samaki wekundu wa kutazamwa tu. Loo, nilimgombeza! Dodoma hii, maji yenyewe yanakuja kwa mgao, sisi tunakinga kwa mapipa, yeye anawatia samaki! Lakini jioni ikifika natoka na kiti changu, Yusra anatoka na chake, yeye anakaa katikati, tunatazama samaki. Mimi na Yusra hatukuwa na mazungumzo zaidi ya shikamoo na marahaba. Kila mmoja alizungumza na yeye.

Alipoumwa ule ugonjwa wake wa mwisho, mchana mmoja alinishika mkono. "Mwanamvua," akasema, "samaki wangu nakuachia wewe. Yusra bado damu changa, atasahau. Usiwaache wafe." Nikamwahidi. Hakuniomba jambo jingine tena mpaka alipokata roho.

Kwa hiyo kila asubuhi nikishaswali, mlango wa Yusra bado umefungwa, na nguo zangu nyeupe za eda, nilitoka na bakuli la pumba nikawamwagia. Niliwamwagia hasa, kwa mkono mkunjufu. Sikutaka marehemu anilalamikie huko aliko kwamba nimewabania.

Na maji yakaanza kuharibika. Kwanza yalikuwa kama maji ya kuoshea mchele. Baadaye yakawa mazito, yana ukungu, hata mawe ya chini huyaoni. Samaki nao siwaoni, naona vinywa tu vimetokeza juu vinahema.

Nikajua ni Yusra. Nani mwingine? Nikasema anamwaga humo maji yake ya kufulia, au ananikomoa tu kabla hajaondoka. Kumwuliza sikumwuliza, maana kumwuliza ni kuzungumza naye. Nilisimama uani nikausemea ukuta: "Kuna watu humu ndani ni wachafu, wallahi, na uchafu wao wanataka kutuachia sisi!" Mlango wa Yusra ukafungwa taratibu. Huo ufungaji wake wa taratibu ndio ulionikera zaidi. Angeubamiza ningepata la kusema.

Tuliokaa eda hatuendi sokoni. Jirani yetu Hilda ndiye aliyekuwa anatuletea mahitaji, na kila siku anachungulia juu ya ukuta. "Bi Mwanamvua, tia shabu," akaniambia. "Sisi maji ya lambo kule kwetu tunayatia shabu, yanatulia." Akaninunulia. Nikaikoroga, na kesho yake, mtume! Nikaona mpaka sakafu. Nikapiga kigelegele peke yangu, mjane mzima. Wiki haikwisha, ukungu umerudi. Siku ya mgao nikachota nusu ya maji kwa ndoo, mgongo unalia, nikajaza mapya. Yakang'aa kidogo, yakarudi vile vile.

Kisha akafa mmoja. Alikuwa yule mkubwa mwenye mkia mweupe, ambaye Abdulkadiri alimwita Bwana Harusi. Nilimkuta anaelea ubavu. Nikamzika chini ya mpapai, na nilipomaliza nikakaa pale pale chini kwenye mchanga. Niliogopa. Ahadi moja tu nilimpa, na hiyo nayo inanifia mkononi. Na niseme ukweli, wanangu wote wako mbali, na katika nyumba ile hakikuwapo kitu kingine kilichokuwa kinaningoja asubuhi.

Hasira ikanipanda upya. Nikasema leo nalisafisha bwawa mpaka chini, nipate ushahidi wa sabuni ya huyu mtoto. Nikawahamishia samaki kwenye beseni kubwa, nikatoa maji, nikaanza kuzoa tope kwa kata. Lilikuwa linanuka uchachu, kama togwa iliyosahauliwa. Sabuni sikuiona. Niliona pumba zangu, tabaka juu ya tabaka, hazijaliwa. Na ndani ya pumba, vipande vyeupe laini. Nikavisugua kwa vidole. Mkate.

Mimi sijawahi kuwapa mkate.

Nikalichukua bakuli lenye tope nikaenda nalo moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Yusra. Tangu aolewe sikuwahi kugonga mlango ule. Akafungua, macho yamemwiva kwa kulia au kwa kukosa usingizi, sikujua.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Hii nini?"

Akatazama bakuli. "Mkate," akasema. "Nawapa jioni, ukiwa ndani kwenye uradi wako."

"Nani kakutuma?"

"Yeye."

"Yeye nani?"

"Baba mwenye nyumba, Dada. Mume wetu." Akajitanda mtandio vizuri. "Aliniambia, 'Yusra, samaki wangu nakuachia wewe. Mwanamvua ana mambo mengi, na magoti yake hayo, atachoka. Usiwaache wafe.' Sasa mimi nilipomwona Dada hasemi kitu, nikajua hakuna anayewalisha. Nikawa nawapa. Maji yalipochafuka nikasema labda hawashibi, nikawa nawaongeza."

Nikalitazama tena lile bakuli. Kumbe asubuhi wanakula kwangu, jioni wanakula kwake, na kila mmoja wetu anazidisha kwa ajili ya mapenzi. Chakula kinabaki, kinaoza, maji yanaharibika. Na aliyeyafanya hayo yote ni Abdulkadiri na mizani yake! Doti mbili, mafungu mawili ya nyama, na wosia nao akaugawa sawa kwa sawa, kila mmoja kwa siri yake, asije mmoja akaona mwenzake kapewa zaidi.

"Yule mzee!" nikasema. "Na mimi kaniachia samaki hao hao! Kwamba mimi nina magoti mabovu?"

"Kwani mimi alinisemaje?"

"Damu changa. Utasahau."

Yusra akaziba mdomo kwa mtandio. Nilidhani analia, kumbe anacheka, na mimi nikashikwa na kicheko, nikaliweka bakuli chini, na katikati ya kicheko ndipo tukalia. Tulimlilia pamoja, pale mlangoni, miguu imejaa tope. Msibani tulilia vyumba mbalimbali.

Baada ya hapo tukazoa tope lililobaki, tukajaza maji mapya, tukawarudisha samaki, na tukapatana: samaki watakula mara moja kwa siku, kidogo tu, cha kumalizika pale pale. Siku moja mimi, siku ya pili yeye. Zamu. Miaka yote tulikuwa na zamu kwa ajili ya mtu, sasa tuna zamu kwa ajili ya samaki. Na ili wasiliswe mara mbili, ilibidi tuulizane. "Umewapa?" "Nimewapa." Basi, maneno hayo tu.

Lakini ukishauliza moja, la pili linakuja lenyewe. Umewapa? Nimewapa, hivi Dada una chumvi? Ninayo, chukua, na kikohozi chako je? Nikajua kwamba usiku hapati usingizi. Naye akajua kwamba mimi ukelele wangu wote mchana ni kwa sababu nikinyamaza namsikia Abdulkadiri akikohoa chumba cha pili. Tukawa tunatoa viti jioni. Cha katikati hatukukitoa, lakini nafasi yake tuliiacha.

Siku za kwanza hayo maji mapya nayo yalikuwa na ukungu, lakini shabu hatukutia tena, wala maji hatukuyabadilisha. Tuliyaacha. Yakawa yanasafika kidogo kidogo, mpaka asubuhi moja nikaona mawe aliyoyapanga kwa mkono wake, na samaki wanapita kati yake. Nikamwita Yusra aje aone. Tukasimama pale tukiwahesabu.

Eda ikaisha. Tukaoga, tukavua nguo nyeupe, na kaka yake Yusra, Swalihu, kijana mstaarabu, akaja na gari kumchukua kama walivyopanga tangu msibani. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote, sasa nitasema nini? Nikampikia wali, nikamsaidia kufunga mabegi. Nilifunga vibaya makusudi, ili yafunguliwe yafungwe tena. Mtu mzima mimi.

Swalihu akapakia begi la kwanza. "Bi Mkubwa, tunashukuru kwa yote," akaniambia. "Tuwahi barabara kabla ya giza."

Yusra akasimama kando ya bwawa, mkoba begani. Maji yalikuwa safi kabisa.

"Umewapa, Dada?" akaniuliza.

"Sijawapa," nikasema. "Leo ni zamu yako."

Swalihu akacheka. "Basi awape upesi, tuondoke."

Yusra akachukua pumba kidogo kwa vidole, akarusha, samaki wakaja. Nilimtazama mkono wake. Kwa nini mdomo wangu uliojaa maneno siku zote ulikuwa mzito namna ile? Nikajilazimisha.

"Na keshokutwa?" nikasema. "Keshokutwa zamu yako itashikwa na nani? Mimi magoti yangu mabovu, hata marehemu alisema. Sitaki uende, Yusra. Nilisema nataka, nilisema kwa kila mtu, nilikuwa naropoka. Sitaki."

Yusra alipangusa vidole kwenye kanga yake, ile doti yenye rangi moja na yangu, akamgeukia kaka yake.

"Swalihu," akasema, "lishushe hilo begi."