Mgeni wa Kila Jumamosi

Bustani ya michezo ilikuwa na milango miwili. Mlango mkubwa ulikuwa wa wageni wa mara ya kwanza: tarumbeta, utepe wa njano mkononi, na kupanda chochote bila foleni. Mlango mdogo, nyuma ya vyoo, ulikuwa wa waliowahi kufika. Huko walipokelewa na jua.

Kila Jumamosi asubuhi, mama wa binti aliyekata tiketi alifika mlango mkubwa. Alifariki mwaka juzi, akiwa hajawahi kuingia bustanini, na kwa kuwa marehemu hawakumbuki Jumamosi iliyopita, kila mara alikuwa mgeni halali.

"Umewahi kufika hapa, mama?" binti yake aliuliza, kama anavyomuuliza kila mtu.

"Sijawahi, mwanangu. Pamenoga! Na wewe mtoto wa nani, mzuri hivi?"

"Wa watu tu, mama."

Akamfunga utepe. Mkono ulikuwa wa baridi kidogo, kama wa mtu aliyetoka kufua.

Baba alipitia mlango mdogo, shati limenyooshwa pasi mpaka linakata. Alimkuta mkewe juu ya farasi wa kuzunguka, akapanda wa nyuma yake na kuanza kumtongoza upya. Kuna Jumamosi alifanikiwa kabla ya adhuhuri. Kuna nyingine aliambiwa, "Mzee, heshimu mvi zako," akarudi nyumbani anacheka njia nzima, amekataliwa na mke wake wa ndoa.

Kisha meneja akatangaza kwamba Jumamosi ni ya wageni wapya tu. Wapya hushangaa, hupiga picha, hununua kofia. Wa zamani huja na maji yao.

"Bosi, baba yangu ni wa zamani," mkata tiketi alisema. "Na mama haji siku isiyo Jumamosi."

"Mama yako tunampenda, kila wiki mpya. Baba aje Jumanne."

"Jumanne aje amtongoze nani? Wewe?"

Meneja akautia mlango mdogo kufuli.

Jumamosi iliyofuata baba alisimama nje ya uzio, pale farasi wanapopita karibu. Farasi wa mama alipofika hapo, baba akasema, "Habari za asubuhi." Farasi wakaondoka naye. Jibu likaja mzunguko uliofuata.

"Nzuri. Mbona uko nje?"

Baba akasubiri arudi.

"Mimi wa zamani."

"Wa zamani wa nani?" mama aliuliza alipopita tena.

"Wako."

Mama akazunguka tena. Farasi waliposimama alishuka, akaja hadi kwenye uzio na kupitisha vidole kwenye waya.

"Haya, nisimulie tulivyokuwa."

Meneja alikuwa anapita. Baba akamwita.

"Ahsante, bosi. Kule ndani nilikuwa naona kisogo tu."

"Usiegemee uzio," meneja alisema, akaenda kulikagua kufuli.

Baba akasimulia. Mama alisikiliza, akacheka mahali alipokuwa akicheka zamani.

"Na mtoto tulipata?"

"Yule pale, anakata tiketi."

Mama akageuka, akamtazama kwa muda mrefu.

"Tumefanya kazi nzuri," alisema, akapunga mkono.

Mlangoni foleni ya wageni wapya ilikuwa imefika barabarani. Mkata tiketi akapunga mkono wenye tiketi za watu, akafuta macho kwa ule mwingine, akamgeukia aliyefuata.

"Karibu sana," alimwambia. Siku hiyo alimaanisha.