Kilo Sita na Robo

"Kitenge kikilegea, naondoka na mtoto," alisema mama mkwe. "Basi langu ni la saa nne."

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, begi lake miguuni, na juu ya begi hilo kibegi kingine kidogo chenye nguo za mtoto. Dominic alisimama upande wa pili wa kibaraza, kitenge mkononi, hatua tano kutoka kwake. Huo ndio umbali aliouweka mama mkwe wake, Kokushubira, tangu afike kutoka Bukoba siku tatu zilizopita. Kwao mkwe na mkwe hawagusani. Chai ya mama, Dominic aliiweka mezani, akarudi nyuma, ndipo mama akaja kuichukua. Hilo halikumpa Dominic shida. Kazi yake ilikuwa imemzoeza kuheshimu vipimo.

"Sawa, mama. Kikilegea, utaenda naye."

Kati yao, juu ya mkeka, Mahoro, binti wa miezi minne, alikuwa amelala kifudifudi akijaribu kula ukingo wa mkeka.

Asubuhi hiyo Jovina, mke wa Dominic, alikuwa amerudi ofisini. Likizo yake ya uzazi ilikwisha. Kwa siku tatu mama yake alisema neno lilelile: mtoto aende Bukoba mpaka ajue kusema. Jovina mwenyewe alilelewa na bibi yake hadi alipoanza shule, na hakupungukiwa na kitu. Kabla ya kutoka, Jovina alimnyonyesha mtoto kwa muda mrefu kuliko kawaida, akapanga chupa za maziwa aliyoyakamua, akasema, "Siwezi kumkatalia mama. Na mtoto siwezi kumtoa. Kubalianeni ninyi wawili." Akashuka ngazi bila kugeuka.

Dominic alikuwa amejiandaa miezi miwili. Alitengeneza viti katika karakana ya Mugabo, kule Gisozi, na alikuwa amempelekea Mugabo mpango wake: kupasua mbao kwa mashine kungefanyika Jumamosi, Jovina akiwa nyumbani, siku nyingine angebaki hapa nyumbani, Nyakabanda, akichonga na kuunganisha kwa mkono. Msasa na vanishi vingebaki karakana, vumbi lisimfikie mtoto. Mugabo alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akakubali, kwa kuwa hakuna kiti cha Dominic kilichowahi kurudishwa na mteja.

Na kwa wiki mbili, saa ya chakula, Dominic alikuwa akijifunga mgongoni mfuko wa misumari nyuma ya lundo la mbao. Kilo sita na robo, sawasawa na mtoto. Alitembea nao, akainama, akanoa patasi. Mfuko haukuanguka hata mara moja. Wenzake walimpa jina: Mama Misumari.

Sasa alimwinua Mahoro, akainama, akamlaza mgongoni, akamrushia kitenge. Akakivuta kwa nguvu na kukifunga kifuani.

"Umefunga kama mzigo wa baiskeli," alisema mama mkwe.

"Mizigo yangu haijawahi kuanguka, mama."

"Mzigo haupigi mateke. Nenda mpaka getini. Mara tatu."

Alikwenda. Kando ya geti, Arnaud, jirani mwenye duka la vocha, alikuwa akipanga makreti ya soda.

"Eh, Dominiko! Bibi iko wapi? Amekuacha unyonyeshe?"

"Jovina ameenda kazini."

"Basi wewe iko inganzwa kabisa! Bibi anakutawala mchana, watu wote wanaona!"

"Iko hivyo," alisema Dominic kwa upole. "Kuja jioni nikufundishe. Ule wako analia sana, mpaka huku tunasikia."

Arnaud alifungua mdomo ajibu, na kweli, ndani ya nyumba yake mtoto akaanza kulia. Akaingia ndani. Mama mkwe aliinamisha uso, akajishughulisha na zipu ya begi.

Safari ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Katika ya tatu, Mahoro aliona kuku, akafurahi, akanyoosha miguu yote miwili kwa pamoja. Dominic akahisi kitenge kikiteremka kifuani, taratibu, chote pamoja na fundo lake. Hakungoja. Alipiga magoti palepale, mkono wake ukiwa tayari umeshika makalio ya mtoto.

Mtoto alicheka, akitazama kuku.

"Kimelegea," alisema mama mkwe.

Dominic alitazama kifuani. Fundo lilikuwa limekaza kama alivyolifunga. Angeweza kulionyesha na kusema halikulegea, na ingekuwa kweli.

"Ndiyo, mama," alisema. "Kimelegea."

Alibaki amepiga magoti. Hakujua afanye nini zaidi ya kumshikilia mtoto. Kisha akasikia ndala. Hatua moja, mbili. Akazihesabu mpaka tano.

"Usigeuke."

Mkono ukamgusa mgongo, mkavu na wenye joto, ukampandisha mtoto juu.

"Mwanamume hana pa kuzuilia kitenge," alisema mama mkwe nyuma yake. "Kifua chako ni ubao mtupu. Lazima kipite begani. Lete ncha hiyo. Ulijifunza na nini?"

"Mfuko wa misumari."

Mkono ulisimama.

"Ya inchi ngapi?"

"Inchi nne, mama."

Hakusikia kicheko, lakini alikihisi kikitikisika kwenye kile kiganja. Ncha ya kitenge ilipita juu ya bega lake la kulia, ikashuka, ikakutana na nyingine ubavuni.

"Mimi nimelea saba," alisema mama mkwe alipomaliza kufunga. "Na wewe ulishapiga magoti kabla sijanyanyuka."

Alirudi kwenye kiti chake. Akalitazama begi lake kwa muda, akakitoa kile kibegi kidogo, akakiacha kitini, na begi akalitwika kichwani.

"Nisindikize mpaka kwa pikipiki. Tangulia."

Walitoka, Dominic mbele, mama mkwe nyuma. Njia ilipanda. Watu wawili waliokuwa wakifagia mtaro walisimama kutazama, na Dominic akawaamkia kama siku zote. Nyuma yake, mama mkwe alianza kusema na mtoto kwa Kihaya, sauti ya chini, maneno mengi. Mahoro akajibu kwa sauti zake. Dominic hakuelewa hata neno moja, na kilele cha njia, penye pikipiki, kilikuwa karibu. Akapunguza mwendo.